Kompyuta inazima, inajiwasha upya au inaganda bila sababu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubovu wa vifaa

Majibu haya yanahusu kompyuta za mezani zinazotumia Windows 10 na 11. Yamefuata mpangilio wa kazi: vipimo visivyo na gharama vinatangulia, kununua kifaa kunakuja mwisho. Jambo moja linapita katika majibu yote: badilisha kitu kimoja tu, pima, andika ulichoona, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha ramu (kumbukumbu ya muda) na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) siku moja na kompyuta ikapona, hutajua kifaa kipi kilikuwa kibovu, na huenda ukatupa kizima.

Nitajuaje kama ubovu uko kwenye vifaa au kwenye programu?

Angalia kwanza inazimaje. Ikizima papo hapo kama vile waya umechomolewa ukutani, shuku umeme, pawasaplai, joto au shoti. Ikionyesha skrini ya bluu yenye ujumbe wa kosa (nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni), maana yake prosesa ilikuwa bado inafanya kazi na Windows ikapata muda wa kueleza kilichotokea. Hapo washukiwa ni ramu, prosesa, diski au draiva (programu inayoendesha kifaa). Ikiganda, picha ikasimama na sauti ikarudia kipande kilekile, anza na kadi ya picha na diski.

Kisha iwashe kwa Linux (mfumo endeshi mwingine) kutoka kwenye flashi, Ubuntu inatosha, bila kuiweka kwenye diski. Itumie saa kadhaa kwa kazi nzito. Ikizima vilevile, acha kusumbuka na Windows: ubovu ni wa vifaa. Isipozima, bado hujathibitisha kwamba vifaa ni vizima, kwa sababu mfumo ulio kwenye flashi hauigusi diski wala hautumii draiva zilezile za kadi ya picha. Umepunguza tu orodha ya washukiwa.

Kwenye Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows) naona "Kernel-Power 41" kila mara. Hiyo ndiyo sababu?

Hapana, na kosa hili limewafanya wengi wanunue pawasaplai wasiyoihitaji. Tukio namba 41 linasema tu kwamba Windows iliwaka na kukuta haikuzimwa kwa utaratibu. Hata ukishikilia kitufe cha kuzimia, linaandikwa.

Lenye faida limo ndani yake. Fungua tukio, nenda kwenye Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika: umeme ulikatika, kompyuta ilizimwa kwa nguvu, au iliganda kabisa. Ikiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu hata kama hukuiona. Kumbuka namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida, wakati skrini ya bluu inatumia mfumo wa heksa, wenye tarakimu 16 na 0x mbele. 292 ni 0x124, 26 ni 0x1A, 80 ni 0x50, 278 ni 0x116.

Tafuta pia matukio ya WHEA-Logger. Hayo huandikwa pale vifaa vyenyewe vinapotoa taarifa ya kosa. Namba 17 kwa kawaida ni kosa lililosahihishwa kwenye njia ya PCIe (inayounganisha vifaa kama kadi ya picha na bodi kuu). Namba 18 ni kosa zito, na hutaja namba ya kiini cha prosesa kwa jina la APIC ID. Namba hiyo ikiwa ileile kila mara, kiini kimoja kimedhoofika. Ikibadilikabadilika, angalia kwanza volteji na ramu.

Ili uone skrini ya bluu kabla haijapotea, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, fungua Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, uondoe alama ya tiki kwenye Automatically restart.

Namba za skrini ya bluu zina maana gani?

Zinakuonyesha mlango wa kuanzia, hazitoi hukumu. 0x124 ni kosa lililoripotiwa na vifaa, mara nyingi prosesa, volteji yake au PCIe. 0x1A na 0x50 zinaelekeza kwenye ramu, ingawa draiva mbovu pia huzileta. 0x7A ni Windows kushindwa kusoma data kutoka kwenye diski: anza na diski na kebo yake. 0x116 ni kadi ya picha kushindwa kujibu.

Dalili iliyo nzito kuliko namba yoyote ni namba kubadilika. Leo 0x1A, kesho 0x50, keshokutwa faili ya draiva usiyowahi kuisikia. Draiva mbovu kwa kawaida hurudia kosa lake. Ramu mbovu huharibu chochote kilichokaa mahali pale kwa wakati ule, ndiyo maana lawama inaangukia kila siku mahali pengine.

Ramu inapimwaje kwa uhakika?

Kipimo cha Windows, kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched.exe, ni cha haraka na hupitwa na makosa mengi. Pakua MemTest86+, ambayo ni bure, iweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Iache imalize mizunguko 4. Kwa ramu ya GB 16 hiyo ni kazi ya saa kadhaa, kwa hiyo iwashe usiku na usome matokeo asubuhi. Hata kosa moja ni kosa. Usijipe moyo kwamba moja katika mabilioni si kitu, maana hilo moja likiangukia kwenye faili unayohifadhi, litaandikwa kwenye diski pamoja nayo.

Ukiona makosa:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 5 ili kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kesi kabla ya kushika ramu.
2. Toa ramu zote. Safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke. Kwenye miji ya pwani, chumvi na unyevu wa hewa hufanya hatua hii peke yake itibu kompyuta nyingi.
3. Rudisha ramu moja tu kwenye soketi ya pili kutoka kwa prosesa, ambayo kwenye madabodi (bodi kuu) nyingi ndiyo A2. Isukume hadi ndoano zijifunge. Pima.
4. Itoe, weka ya pili kwenye soketi hiyohiyo. Pima.
5. Ikiwa moja ina makosa na nyingine haina, umempata. Zote zikiwa safi, jaribu mojawapo kwenye soketi nyingine. Makosa yakifuata soketi, usiharakishe kulaumu madabodi: fungua prosesa uangalie pini za soketi yake. Pini moja iliyopinda, uchafu wa pesti (ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza), au kipoza kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine huua njia nzima ya ramu.

Anwani ya kosa nayo inasema kitu. Ikirudia eneo lilelile, chipu ya ramu imekufa sehemu. Ikitawanyika, fikiria volteji au kasi.

Ramu imefaulu, lakini nilipowasha XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya ramu) ndipo shida ilipoanza. Ni kasoro?

Si lazima. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi, mathalani 3600 kwa DDR4, ni kasi ya kusukuma: ramu inapandishwa kutoka volti 1.2 hadi 1.35 na prosesa inabebeshwa mzigo ambao mtengenezaji wake hakuuahidi. Zima XMP, au EXPO kwa AMD, utumie kompyuta kwa siku kadhaa. Ikitulia, ipandishe kwa hatua, 3000 kisha 3200. Kuchanganya ramu zilizonunuliwa nyakati tofauti, hata kama zina jina moja, ni chanzo cha kawaida cha tatizo hili, kwa kuwa chipu za ndani zinaweza kuwa tofauti kabisa. Kama uliwahi kushusha volteji ya prosesa au kuongeza kasi yake, rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani kabla hujapima chochote.

Inazima ghafla bila skrini ya bluu. Ni pawasaplai au umeme wa ukutani?

Anza ukutani, kwa sababu hakugharimu. Pawasaplai ya kawaida ikiwa kwenye mzigo kamili huweza kuibeba kompyuta kwa takriban milisekunde 16 tu umeme ukikatika. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Kwa hiyo mkatiko ambao taa ya chumbani inapepesa tu, na watu hawauoni, unatosha kuizima kompyuta. Ikiwa inazima jioni majirani wanapopika na kupiga pasi, au friji inaposhtuka, pima volteji ya soketi kwa multimita wakati huohuo. Tanzania kiwango ni volti 230, Kenya 240. Ikishuka mara kwa mara chini ya 200, tafuta stabilaiza au UPS kabla ya kufungua kesi.

UPS nayo ina kasoro yake. Za bei nafuu hutoa mawimbi ya hatua badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawasaplai zenye PFC (sakiti inayorekebisha mkondo wa umeme unaovutwa) huzima pale UPS inapohamia kwenye betri. Kama kompyuta inazima umeme unapokatika wakati betri ya UPS ni nzima, chunguza hapo.

Ekstensheni nayo ipimwe kwa mkono: ikiwa plagi inapata moto, ndani kuna mguso uliolegea. Na usitumie adapta inayoruka waya wa ethi. Kompyuta isiyo na ethi hukutekenya kidole ukigusa chuma cha kesi, kwa sababu kichujio cha ndani ya pawasaplai kinamwagia kesi umeme kidogo usio na pa kwenda.

Ukuta ukiwa salama, rudi kwenye pawasaplai. Kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, ingiza ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi wa plagi ya pini 4 isiyotumika, na ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Waya mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25. Usitegemee namba za volteji zinazoonyeshwa na programu. Sensa za madabodi hukosea. Multimita pia haioni mishtuko ya muda mfupi sana, kwa hiyo pawasaplai inayosoma volti 12.1 bado inaweza kuwa mgonjwa wako. Uthibitisho wa kweli ni kuazima nyingine unayoijua ni nzima.

Soma pia kibandiko. Pawasaplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa inaweza kuwa na ampea 18 tu kwenye mstari wa volti 12. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216, na prosesa na kadi ya picha vinakula karibu vyote kutoka hapo. Hiyo 216 ndiyo nguvu unayoweza kuitegemea.

Nimeunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ya pawasaplai ikazunguka. Si ni nzima?

Jaribio hilo linathibitisha kwamba inawaka, basi. Haina mzigo. Nyingi zinazozima kompyuta katikati ya kazi hufaulu jaribio hilo kila siku. Na tafadhali, usifungue pawasaplai kuchungulia. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa. Watu hufa.

Joto kiasi gani ni baya?

Fungua programu ya HWiNFO, chagua kuona sensa, ufanye kazi inayoleta shida. Prosesa nyingi za Intel hujizuia zikifika nyuzi 100, Ryzen 5000 za AMD kwenye 90 au 95, Ryzen 7000 nyingi kwenye 95. Prosesa ya leo hupunguza kasi kwanza; kuzima ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kompyuta inayozima kwa joto huwa nzito kwanza. Ikizima dakika chache baada ya kuwashwa, na ukiiwasha papo hapo inazima mapema zaidi, kipoza hakijagusa prosesa vizuri au pampu yake imekufa.

Puliza vumbi kwa bloa nje ya nyumba, ukishikilia feni kwa kidole zisizunguke. Pesti ya zamani ifutwe yote kwa spiriti. Mpya iwe kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa. Kwenye soketi ya AM4 ya AMD, iwashe kompyuta kwanza ipate joto, izime na kuchomoa waya, kisha zungusha kipoza kulia na kushoto taratibu kabla ya kukivuta, la sivyo prosesa itang'oka nacho na pini kupinda.

Diski inaweza kuigandisha kompyuta nzima?

Ndiyo, na hapa nakili data zako kabla ya kupima lolote. Kisha fungua programu ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari 05, C5 na C6, yaani sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana kabisa. Safu ya thamani ghafi (Raw Values) iwe 0. C5 ikipanda wiki kwa wiki, diski inakufa. C7 ikipanda peke yake, diski ni nzima na kosa liko kwenye kebo ya SATA: badilisha kebo, uone kama namba imesimama. Haitarudi sifuri; kinachotakiwa ni isiongezeke.

Inazima au skrini inakuwa nyeusi nikicheza gemu tu.

Kama kadi ina plagi mbili za umeme, tumia kebo mbili tofauti kutoka pawasaplai, si kebo moja yenye vichwa viwili. Plagi mpya ya pini 16 isukumwe mpaka mwisho, isibaki hata mwanya wa unene wa kucha. Ikibaki nje kidogo huyeyuka.

Baadaye safisha draiva kwa DDU (programu ya kuondoa draiva za kadi ya picha) katika Safe Mode, uweke mpya. Windows huisubiri kadi sekunde 2 kisha huianzisha upya, na kwenye kumbukumbu huandikwa tukio 4101. Shida ikiendelea, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner. Ikitulia hapo, ama pawasaplai haihimili mishtuko ya kadi, ama kadi yenyewe imechoka. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine ya kuazima ili kutenganisha hayo mawili. Vitone vya rangi au mistari inayoonekana hata kwenye bayosi (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), ikiwa kebo ya skrini ni nzima, ni ya kadi.

Prosesa huharibika kweli?

Ni nadra, ila kuna kundi moja la kuangalia. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa Core i7 na i9, zilikuwa zikipokea volteji iliyozidi na kuharibika polepole. Marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 yalitoka Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, yakiletwa kupitia bayosi. Dalili yake mahususi ni gemu kudai kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha wakati ipo tele, au draiva za NVIDIA kushindwa kujifungua wakati wa kuzisakinisha. Weka bayosi mpya, lakini fahamu kwamba inazuia uharibifu, haiuponyi ulioshatokea. Intel iliongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka 2, kwa hiyo tafuta risiti.

Nimenunua kompyuta ya ofisi ya mtumba. Kuna la ziada?

Dell OptiPlex na HP nyingi za miaka ya 2010 hazitumii plagi ya pini 24, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta. Uliza kabla ya kulipa. Zina vipimo vyake vya ndani: Dell bonyeza F12 wakati wa kuwasha uchague Diagnostics, HP bonyeza F2. Mashine za kabla ya mwaka 2008 zikague kapasita zinazozunguka prosesa: kichwa kiwe bapa. Kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kimekufa. Ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu.

Nimepima vyote, vyote vizima, bado inazima.

Toa madabodi kwenye kesi, uilaze juu ya boksi la karatasi. Acha prosesa na kipoza chake, ramu moja na pawasaplai tu. Iwashe kwa kugusisha pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi. Ikitulia hapo, mhalifu yuko ndani ya kesi: kitufe cha mbele kinachonata, kishikilia skrubu kilichowekwa pasipo tundu kikagusa mgongo wa madabodi, au soketi ya USB ya mbele iliyopinda. Kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Isipotulia hata hapo, ilhali ramu na pawasaplai ni za kuazima, imebaki madabodi au prosesa, na mara nyingi huwa madabodi.

Na laputopu?

Vipimo vya ramu, diski na joto ni vilevile. Ongeza viwili: chaja iwe na wati zilizoandikwa chini ya mashine, na betri ikiwa imevimba hadi kuinua paneli ya mguso, iondolewe leo, isichajiwe tena.

Nimwambie nini fundi, na nitajuaje amemaliza kazi?

Mpe tarehe na saa za kuzima, ulikuwa unafanya nini, namba za skrini ya bluu, picha ya matokeo ya MemTest86+ na orodha ya ulichokwisha kubadilisha. Mwombe kifaa cha zamani akurudishie. Kuhusu kupona, hesabu kwa mwendo wa ugonjwa wenyewe: kompyuta iliyokuwa ikizima mara moja kila siku 2 haijapona kwa sababu imekaa siku nzima. Isubiri angalau mara tatu ya muda huo, siku 6, kwa matumizi yaleyale, na ukubaliane na fundi kuhusu siku hizo kabla hajaanza.